Mzee Faya Aliyekataa Kupoa

Mzee Faya hakuketi mahali kabla ya kuuona mlango wa pili. Iwe kanisani, iwe hotelini, iwe kwenye matanga ya mtu, alisimama kwanza kizingitini, akazungusha macho, ndipo akachagua kiti. Ukimwuliza anatafuta nani, anakujibu, "Natafuta pa kutokea. Nyinyi endeleeni kutafuta pa kuingilia." Kisha anaagiza chai.

Sisi wa soko la Homa Bay tulimwita hivyo kwa sababu faya ndiyo lile gari jekundu la zimamoto, na yeye alilitumikia jijini Nairobi tangu ujana mpaka mvi. Jina lake la kweli nalijua lakini siliandiki. Ukoo wake nao nauacha. Watu wa kwao wapo, wataueleza wenyewe. Mimi nataka kusema alivyokuwa, na hasa alivyochukia, maana sijawahi kuona mtu akichukia vizuri namna ile. Alichukia kwa utaratibu, kama mtu anayepiga pasi: anakunjua, ananyunyiza maji, anapitisha, anakunja tena.

Mimi nilikuwa nauza mitumba. Shule niliiachia darasa la nane, lakini ndoto sikuziachia. Nilitaka kuwa mwanamke wa kwanza kuendesha faya jijini. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye alinitazama miguu kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Hiyo miguu inafika kwenye breki?"

"Inafika, Mzee."

"Basi. Shida iko wapi?"

Tangu hapo akaniita Dereva, na hakuniita kwa utani.

Kikosi chetu alikianzisha baada ya safu ya vibanda kuungua mchana kweupe, moto umetoka kwenye jiko la chapati. Gari la zimamoto lilikuwa mji wa mbali, na lilipofika sisi tulikuwa tayari tunachakura misumari kwenye majivu. Mzee Faya akaja akasimama katikati yetu, akasema hatangoja moto mwingine akiwa ameketi. Akaenda Awendo, akarudi na pampu kuukuu iliyokuwa imetupwa kwenye vyuma chakavu huko kwenye miwa. Aliifungua, akaipaka grisi, akaitukana kwa Kijaluo, ikawaka. Tukaifunga kwenye mkokoteni. Askari wake tulikuwa akina mama wa samaki, fundi wa baiskeli, washona viatu na mimi.

Alitufundisha historia kabla ya maji. Wazee aliowakuta kazini walimsimulia enzi za mkoloni, gari lilipokuwa na kengele ya shaba ya kupigwa kwa mkono. Mzungu aliketi mbele na kofia yake inayong'aa. Waafrika walisimama nyuma, wameshika chuma, mvua yao, jua lao. Wao ndio waliobeba mipira ya maji, wao ndio waliopiga kengele, na gazeti likitoka kesho yake lilimsifu wa mbele. "Halafu uhuru ukaja," alisema, "wa kwetu akapanda kiti cha mbele. Tukapiga makofi. Kumbe kile kiti kina ugonjwa wake, anayekikalia anaambukizwa."

Alipenda sana kueleza jinsi kituo kinavyoishi. Kuna mtu wa simu asiyesinzia. Kuna nguzo ya kuteremkia kutoka ghorofani, kwa sababu ngazi zinavunja watu miguu kengele ikilia. Suruali inavuliwa ikiwa imeshachomekwa kwenye buti, iachwe imesimama hivyo hivyo kando ya kitanda, ili uiingie kwa mruko mmoja. Hata pale Homa Bay, kwenye chumba chake cha kupanga, suruali yake ilisimama ndani ya buti kama mtu aliyekatwa kiuno. Mama mwenye nyumba aliiona mara ya kwanza akapiga yowe. Dereva wa gari naye hujua kila bomba la barabarani lilipo, hata yale ambayo watengeneza barabara wameyafunika kwa lami. Na mkubwa wa zamu hubaki nje.

"Kwa nini abaki nje?" aliuliza mama mmoja wa samaki. "Anaogopa?"

"Hapana, mama. Anabaki nje ili ajue nani yuko ndani. Hiyo tu ndiyo kazi yake. Asipoifanya hiyo, afadhali hata tungeweka mbuzi."

Somo lake la maji lilikuwa moja, akilirudia mpaka tukalichoka. Ndani ya moshi huoni hata kiganja chako. Una vitu viwili: mpira wa maji na ukuta. Mpira ukiwa na maji ni mgumu kama paja la fahali, na ukiufuata kinyumenyume unafika mlangoni. Ukilala, yaani maji yakikatika, basi walio nje wamekuacha. Hapo shika ukuta kwa mkono wa kulia, tambaa, usiuachie hata ukikutana na shetani. Ukuta utakufikisha kwenye uwazi. Alama za mikono nazo tulizijua usingizini: mkono juu, fungua maji, mkono kukata kifua, funga. Koki ya pampu alinipa mimi.

Sasa usidhani alikuwa mtu mnyoofu. Alitukataza kuwasha hata kiberiti karibu na mafuta taa, na yeye alivuta sigara kali moja baada ya nyingine huku akikohoa kama lori la miwa linalopanda mlima. Alimkaripia fundi wa baiskeli hadi akalia, kisha nikamkuta akimpaka mafuta viganja vilivyochubuliwa na mpira, polepole, akimpulizia. Paka wote wa soko walilala mlangoni pake. Kanisani hakukosa Jumapili, lakini tulipofika pale kwenye sala pa kuwasamehe waliotukosea, yeye alifunga mdomo. Aliwaacha wenzake wavuke, akajiunga nao mbele kwenye vishawishi. Pasta alimwona.

Na kulikuwa na ule ubao wa shabaha. Kila jioni ya mazoezi alichora kwa chaki uso wa mwanamume mwenye masharubu yaliyopinda juu, tuupige kwa maji hadi ufutike.

"Mpige puani, Dereva! Puani! Hapo! Mwoshe hiyo sharubu!"

Tukadhani ni mchezo. Tulicheka sana. Baadaye ndipo alipotuambia uso huo ni wa nani.

Jijini alikuwa na mwenzake aitwaye Otieno, mtu wa Sindo. Kwenye kikosi, mmoja hushika mdomo wa mpira na wa pili hukaa nyuma akiubeba uzito, na hao wawili huwa kama mume na mke. Wanajuana kwa kikohozi. Siku hiyo ghala la magodoro liliwaka upande wa viwandani. Ikasemekana mlinzi yumo ndani. Mkubwa wa zamu, ambaye Mzee Faya hakumwita jina lingine isipokuwa Mkuu, akawaamuru waingie. Wakaingia kwa magoti, Otieno mbele, yeye nyuma. Walishaanza kumsikia mlinzi akigonga kitu, mara mpira ukalala.

"Ulilegea mikononi mwangu kama nyoka aliyekufa," alituambia. "Otieno akapiga kelele, 'Waambie wafungue maji!' Nikaufuata mpira mpaka nje."

Nje alimkuta Mkuu mwenyewe, mkono kwenye koki. Presha ya maji mtaani ilikuwa ndogo, haikutosha mipira miwili, na tajiri mwenye duka la jirani alikuwa amesimama pale na suti yake, amemshika Mkuu bega. Maji yote yalikuwa yanaosha ukuta wa duka ambalo halijashika hata cheche. Mzee Faya akamsukuma Mkuu, akaifungua koki. Maji yalianza kukimbilia ghalani, na paa likawashukia waliobaki ndani.

Kwenye uchunguzi Mkuu aliapa kwamba hakutoa amri yoyote. Otieno, alisema, aliingia kwa kiherehere chake. Mzee Faya akasimama akasema alichokiona. Wachunguzi wakaamua kwamba moshi ulikuwa umemlevya. Wakampa ndoo na kitambaa, akawa mwosha magari hadi alipostaafu. Otieno akazikwa Sindo bila kofia yake juu ya jeneza, bila kengele, bila mwenzake hata mmoja mwenye sare. Neno kiherehere likafika nyumbani kabla ya mwili. Mjane wake, Mama Apiyo, alikuwa akianika omena ufukweni huku anasikia watoto wa watu wakimtupia mwanawe: baba yako alikufa kwa kiherehere.

Mama Apiyo alikuja Homa Bay mara moja moja na gunia lake, akaketi kwa Mzee Faya, wakanywa chai. Nilimsikia akisema, "Shemeji, mimi nataka aseme tu. Aseme mbele ya watu. Mtoto wangu asikie."

Mzee Faya akaifinyanga sigara yake. "Wewe unataka aseme. Mimi nataka aseme akikohoa."

Moyo wangu mimi ni mwororo, sifichi. Kuku akichinjwa natoka nje. Lakini siku ile nilipolisikia neno hilo, lilinikaa vizuri kifuani kama uji wa moto.

Mkuu naye alistaafu, akajenga Migori nyumba ya ghorofa yenye uzio, na wakati wa siasa za vyama vingi akataka udiwani. Picha zake zikabandikwa mpaka kwenye miti: masharubu yale yale, na chini maneno Shujaa wa Moto. Mtu wake wa kampeni akasikia habari za kikosi cha sokoni, akatuma ujumbe twende Migori tuonyeshe kazi uwanjani, Mkuu akiwa mgeni wa heshima. Mzee Faya alikubali haraka hadi nikaogopa.

"Mzee, si huyo ndiye..."

"Ndiye. Pakieni pampu."

Uwanjani palikuwa na kibanda cha udongo kilichoachwa na wajenzi. Mzee Faya akakikagua, akakigeuza nyumba ya moshi: pipa lenye majani mabichi yaliyowashwa ndani, mlango mmoja mbele, na nyuma uwazi uliofunikwa kwa gunia tu. Kabla watu hawajajaa, alitupitisha sote humo. Unaingia, mkono wa kulia ukutani, unatambaa, unakohoa kidogo, unaliona gunia, uko nje. Hata mama wa samaki aliye mnene kuliko wote alipita, akatoka akicheka na machozi. "Mtu mwenye mkono wa kulia hafi humu," Mzee Faya akasema. Nilielewa anampimia mtu.

Mkuu alifika na gari jeupe. Alipomwona, alisita kidogo tu, kisha akatanua mikono kwa ajili ya umati.

"Ala! Wewe bado uko hai?"

"Nilikuwa nakungoja, Mkuu," akajibu Mzee Faya, na akapiga saluti safi, kisigino kikalia.

Mama Apiyo alikuwa ameketi safu ya mbele na mwanawe, kipochi magotini. Mkuu hakumjua. Kwa nini amjue?

Mzee Faya akaomba kipaza sauti cha kampeni. "Wananchi wa Migori! Sisi ni wauza samaki na mitumba. Kazi hii tumefundishwa juzi. Lakini leo mnaye shujaa mwenyewe. Si aingie yeye kwanza, kama alivyoingia jijini?"

Uwanja ukapasuka. "Aingie! Aingie! Shujaa, ingia!"

Mkuu alicheka kama mtu aliyeumwa na jino. Hakuwa na njia. Alivua koti, akampa mtu saa yake, akashika mdomo wa mpira, akainama akaingia. Mzee Faya alipiga goti mlangoni. Mkono wake ukapanda juu, nikafungua maji. Mpira ukajaa, ukajinyoosha kibandani. Watu wakashangilia. Kisha mkono wake ukakata kifua.

Nikafunga.

Halafu tukasikia kikohozi, na sauti ndani, nyembamba, sauti ya mtu asiyejua amesimama wapi: "Maji! Fungueni maji!"

Mzee Faya alikitoa kipaza sauti mfukoni mwa koti lake kama mtu anayetoa leso, akakiweka kwenye ufa wa mlango.

"Mkuu, mpira umelala?"

"Umelala! Fungua! Mnaniua bwana!"

"Nani alifunga maji siku ya ghala la magodoro?"

Ilibaki ile kohokoho tu, kwa spika zote mbili.

"Mzee," nikaita, "nifungue?"

"Bado, Dereva."

"Anakohoa!"

"Nasikia. Anaimba vizuri."

Nilimtazama Mama Apiyo. Hakuwa analia wala kucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo upande, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo, asipitwe na neno. Mkono wangu ukabaki pale kwenye koki. Sijutii. Ningekuwa na koki mbili ningezifunga zote.

"Nani alifunga maji, Mkuu?"

"Mimi!"

"Nani alimwamuru Otieno kuingia?"

"Mimi! Ni mimi, jamani, Mungu wangu!"

"Otieno alikuwa na kiherehere?"

Kikohozi.

"Mkuu, sijakusikia. Mtoto wake yuko hapa na yeye hajasikia. Otieno alikuwa na kiherehere?"

"Hapana! Nilimtuma! Nilimtuma mimi nikamfungia maji!"

Mkono wa Mzee Faya ukapanda. Niliifungua koki kwa nguvu hadi mpira ukaruka kama mnyama, ukampiga Mkuu ukamgeuza, na akatoka mlangoni kwa magoti, tope mpaka kwenye masharubu, analia kama mtoto aliyenyimwa titi. Mzee Faya akapiga saluti tena.

"Nyuma kulikuwa na gunia tu, Mkuu. Mkono wa kulia ukutani. Lakini wewe ungejuaje? Wewe hukuwahi kuingia."

Hakuna aliyetugusa. Tulipakia pampu yetu polepole, tukakunja mpira vizuri alivyotufundisha, tukaondoka. Udiwani Mkuu aliukosa, na hiyo ilikuwa sehemu ndogo. Kila alipopita Migori watoto walimkoholea. Sokoni, stendi, hata kanisani mlangoni: koho, koho, fungua maji! Sisi Homa Bay tulipoletewa habari hizo tulinunua soda.

Nilifikiri Mzee Faya atapoa. Wapi! Jumapili iliyofuata kwenye sala, pale pale, mdomo ukafungwa. Ubao wa shabaha nao haukuondolewa. Nilimwuliza kama bado anataka kitu kwa yule mtu. Akafikiri kweli kweli, akasema, "Natamani angekaa humo kidogo zaidi."

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Sindo. Mama Apiyo alikuwa ameweka saruji kaburini na akatuita. Mzee Faya alikuwa amekonda. Mapafu yale yaliyomeza moshi wa jiji na sigara za Homa Bay yalikuwa yamechoka, na alipumua kwa zamu, pumzi moja, mapumziko, pumzi nyingine. Tulikuwa tumeketi uani, jua la saa sita limetuama, mara Mkuu akaingia langoni kwa miguu, anavuta beberu mweupe kwa kamba.

Alikuwa amezeeka. Masharubu ameyanyoa. Akasimama katikati ya ua, jasho linamtiririka, na hakuna aliyenyanyuka kumpa kiti.

"Mama," akasema, "nimekuja mwenyewe. Nimechoka. Hata wajukuu wangu wananikoholea. Nimeleta huyu, tumchinje, tule pamoja, yaishe."

"Nini kiishe?" Mama Apiyo akauliza.

"Haya mambo."

"Yako ndiyo unataka yaishe. Yangu yako pale." Akaelekeza kidole kwenye saruji mbichi.

Mkuu akamgeukia Mzee Faya. "Ndugu yangu, mwambie. Wewe ni mtu wa kanisa. Tumekula kazi moja."

Mzee Faya akakohoa kwanza, akachukua wakati wake. "Mkuu, hapa anayetoa amri si mimi."

Beberu akalia. Mkuu akajifuta shingo kwa kiganja, akasema kwa sauti ya chini, "Basi hata maji ya kunywa, mama. Jua ni kali."

Kwetu hata adui akifika uani hupewa maji. Nilishaanza kunyanyuka, unajua moyo wangu. Mama Apiyo akaniangalia.

"Nyathina, mwanangu, lete maji kwenye beseni, umpe mbuzi. Mbuzi hana kosa, na njia ya kurudi ni ndefu."

Nikaleta. Beberu alizamisha mdomo akanywa, akanywa, akapumzika, akanywa tena, mpaka nikasikia ulimi wake unakwangua bati. Mkuu alisimama akamtazama muda wote huo, koo lake likipanda na kushuka. Kisha Mama Apiyo akaokota kamba, akamrudishia mkononi, na kwa upole kabisa akamwonyesha lango.

Mzee Faya alimfuata kwa macho hadi alipopotea nyuma ya ua wa mkonge. Halafu akaegemea kiti, akavua viatu, akanyoosha miguu mchangani.